Bustani Juu ya Reli: Habari ya High Line ya New York

Katika mwaka wa 1847 serikali ya mji wa New York ilitoa idhini ya kutandika reli barabarani, upande wa magharibi wa kisiwa cha Manhattan. Magari ya moshi yakapita katikati ya watu na mikokoteni, na vifo vikazidi hata Tenth Avenue ikapewa jina la Njia ya Mauti. Wapanda farasi waliwekwa kutangulia treni wakipunga bendera, walakini dawa hiyo haikutosha. Mwaka 1929 ilikubaliwa reli ipandishwe juu ya nguzo za chuma, na mwaka 1934 njia hiyo ya juu ikafunguliwa rasmi, treni zikipakua nyama na maziwa ndani ya maghala yenyewe.

Faida hiyo haikudumu. Malori yalinyang'anya reli shehena zake, sehemu ya kusini ikabomolewa, na treni ya mwisho ikapita mwaka 1980. Majani yakajiotea relini. Wenye ardhi chini yake walitaka yote ibomolewe. Lakini mwaka 1999 wakazi wawili wa jirani, Joshua David na Robert Hammond, waliunda chama cha kuitetea. Mfano ulikuwako Paris: reli ya Bastille, iliyofunguliwa 1859 na kufungwa 1969, ilikwisha kugeuzwa bustani, na chini ya matao yake zikawekwa karakana za mafundi. Mwaka 2005 kampuni ya reli iliutunukia mji wa New York njia hiyo. Sehemu ya kwanza ya bustani ilifunguliwa 2009, ya pili 2011, na ya tatu 2014. Piet Oudolf, aliyechagua mimea, alifuata mfano wa ile iliyojiotea.

Wahenga walinena: kufa kufaana. Hapana budi kuuliza kufa kwa reli hii kulimfaa nani. Bei ya majumba ilipanda, kodi zikafuata, na wenye biashara ndogo wakahama. Hatua chache kutoka bustanini zipo nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo, na wengi wao hawakuiona bustani kuwa yao. Mwaka 2017 Hammond mwenyewe alikiri hadharani kosa la waanzilishi: waliwauliza wakazi bustani iwe na sura gani, wasiwaulize iwafae kwa nini. Reli ilipandishwa juu ili kumwokoa mwenda kwa miguu, na bustani imempa njia hiyo iwe yake. Lakini kumpa mtu njia si kumhifadhia makao.