Glakoma na Urithi: Historia Fupi na Suala la Istilahi

Neno "glakoma" asili yake ni Kiyunani, na mzizi wake hutaja rangi: buluu iliyochanganyika na kijivu. Maandiko yanayohusishwa na Hippocrates yanataja hali yenye jina la mzizi huo miongoni mwa maradhi ya wazee. Kwa karne nyingi maradhi haya hayakutenganishwa barabara na mtoto wa jicho, kwani jina lilifuata kilichoonekana kwa nje.

Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz alitangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho, na mwaka 1857 Albrecht von Graefe akaeleza upasuaji wa kutibu glakoma. Tangu hapo fikra ya shinikizo ikashika mizizi, na ndiyo iliyomo katika jina "presha ya macho". Jina hilo huelewka upesi, lakini halitoshi. Wako watu ambao mshipa wa fahamu wa jicho huharibika ilhali shinikizo li katika kiwango cha kawaida.

Hatua ya tatu ni ya urithi. Mwaka 1997 Edwin Stone wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza jeni ambayo sasa huitwa miosilini. Kasoro za jeni hiyo huonekana kwa wagonjwa wapatao 3 hadi 4 tu katika kila 100 wa glakoma ya watu wazima iliyo ya kawaida. Kwa waliosalia, jeni nyingi huchangia kidogo kidogo: utafiti wa mwaka 2021 ulitaja sehemu 127 za kromosomu. Wataalamu hujumlisha michango hiyo wakapata alama moja. Hata hivyo, alama hizo zimejengwa zaidi kwa taarifa za watu wenye asili ya Ulaya, na hazipimi sawasawa watu wenye asili ya Afrika, ambao huathiriwa zaidi na ugonjwa huu. Utafiti wa Kongwa, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi.

Kwa hiyo yafaa tutenganishe mambo matatu. "Uchunguzi wa awali" huwachagua wanaostahili kupimwa zaidi; "utambuzi wa ugonjwa" huthibitisha kwamba mtu anaugua; na alama ya jeni huonyesha "uwezekano wa kuugua" tu. Tunapendelea "uwezekano" kuliko "hatari", kwa kuwa "hatari" humfanya msomaji adhani kwamba madhara yamekwisha kufika.

Glakoma ya kawaida huendelea bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Mfasiri akiandika "umerithi glakoma" atamfanya mtu mzima wa afya kuwa mgonjwa. Akiandika "huna jeni ya glakoma", msomaji aweza kuacha kupimwa macho, naye akapofuka akiamini kuwa yu salama. Hapana budi istilahi zetu zizuie makosa yote mawili.