Jinsi Maikrokontrola Ilivyowafikia Wanafunzi wa Uhandisi wa Umeme

Maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyokusanywa ndani ya chipu moja: kichakataji, kumbukumbu, na njia za kupokea na kutoa ishara za umeme. Kwa chipu hiyo mwanafunzi wa uhandisi wa umeme huweza kupima joto, kuendesha mota au kuunda roboti ndogo, na mwalimu akampa alama za ziada kwa kazi aliyoibuni mwenyewe. Desturi hiyo leo imezoeleka vyuoni, lakini haikuwezekana tangu mwanzo. Historia yake ni, zaidi ya yote, historia ya kupungua kwa gharama ya kukosea.

Mwaka 1971, Gary Boone na Michael Cochran wa kampuni ya Texas Instruments nchini Marekani waliunda mojawapo ya maikrokontrola za kwanza. Kutokana na kazi yao ilizaliwa TMS1000, iliyoingia sokoni mwaka 1974 na kutumika katika vikokotoo na vitu vya kuchezea. Programu yake iliwekwa kiwandani wakati chipu ikitengenezwa, na haikubadilika tena. Utaratibu huo uliwafaa walioagiza chipu kwa maelfu. Mwanafunzi aliyetaka moja tu ya kujaribia wazo lake hakuwa na pa kuanzia.

Nafuu ilianza mwaka 1976, kampuni ya Intel ilipotoa familia ya 8048. Toleo lake la 8748 lilikuwa na kilobaiti 1 ya kumbukumbu iliyofutika. Juu ya chipu palikuwa na kidirisha cha kwatzi. Mionzi ya urujuanimno ilipopita hapo kwa dakika kadhaa, programu ilifutika, kisha nyingine ikaandikwa kwa kifaa maalumu. Mwaka 1980 ikafuata 8051, yenye kilobaiti 4 za programu, baiti 128 za kumbukumbu ya muda na pini 32 za kupitishia ishara. Kampuni nyingine nazo ziliitengeneza, na kwa miaka mingi ikawa chipu ya kufundishia katika vyuo vingi duniani. Hata hivyo, kwenye matoleo yaliyofutika kwa mionzi, kosa la mstari mmoja lilimlazimu mwanafunzi kuchomoa chipu, kuiweka chini ya taa, kusubiri, kuiandika upya na kuirudisha kwenye saketi.

Katika mazingira hayo wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walianzisha mwaka 1987 shindano la hiari lililoitwa 6.270, lililofanyika Januari kati ya mihula miwili. Mwanzoni lilikuwa shindano la kuandika programu; baadaye washiriki wakajenga roboti za vipande vya LEGO na kuziongoza kwa bodi yenye chipu ya Motorola 68HC11. Programu ilipelekwa kwenye bodi kwa kebo kutoka kwenye kompyuta, hivyo marekebisho hayakuhitaji kuchomoa chochote. Fred Martin, mmoja wa walioliendeleza shindano hilo, alibuni baadaye bodi ya Handy Board, ambayo shule na vyuo vingine viliitumia kufundishia roboti.

Mwaka 1993 kikwazo cha kufuta kiliondoka hata kwenye chipu za bei nafuu. Kampuni ya Microchip ilitoa PIC16C84 na kampuni ya Atmel ikatoa AT89C51, zote zikifutika kwa umeme wenyewe, bila taa wala kidirisha. Muda si mrefu Atmel ikaleta chipu ya AVR, iliyotokana na kazi ya Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan walipokuwa wanafunzi mjini Trondheim, Norwei. AVR iliandikwa upya ikiwa palepale kwenye saketi yake.

Kilichobaki kilikuwa ugumu wa zana. Mwaka 2003, katika taasisi ya usanifu mjini Ivrea, Italia, mwanafunzi kutoka Kolombia, Hernando Barragán, alibuni Wiring kwa ajili ya tasnifu yake: bodi na lugha nyepesi ya kuwawezesha wasio wahandisi kutumia maikrokontrola. Juu ya msingi huo, mwaka 2005, Massimo Banzi, David Cuartielles na wenzao walitoa Arduino, bodi ya bei nafuu ambayo michoro yake iliachwa wazi kwa yeyote kuinakili.

Urahisi huo ulileta swali jipya darasani, kwa kuwa maktaba za programu za Arduino humficha mwanafunzi rejista na vipima muda vilivyomo ndani ya chipu, na mhandisi hana budi kuvijua. Kwa sababu hiyo baadhi ya walimu huruhusu bodi hiyo lakini huwataka wanafunzi waandike kwenye rejista wenyewe, au wajenge saketi yao kuanzia chipu tupu. Bei nayo haikuacha kushuka: bodi ya Raspberry Pi Pico ilitoka mwaka 2021 kwa dola 4 za Marekani. Kwa bei hiyo bodi ikiungua hununuliwa nyingine, na mwalimu anaweza kudai kazi ngumu zaidi, akijua kwamba mwanafunzi ana nafasi ya kukosea, kutafuta chanzo cha kosa na kujaribu tena.