Maili moja iliyosumbua jedwali la vimbunga

Mwaka 1969 mhandisi Mmarekani, Herbert Saffir, alianza kupanga vimbunga kwa madaraja matano. Robert Simpson, mkuu wa Kituo cha Taifa cha Vimbunga huko Marekani, akaiendeleza kazi hiyo. Ni jedwali la rejea kabisa: kasi inaingia, daraja linatoka.

Sasa tazama mipakani. Daraja la 4 lilikuwa maili 131 hadi 155 kwa saa. Lakini Kituo hukadiria upepo kwa maili za baharini, tano tano. 115 za baharini ni daraja la 4. Zigeuze upate maili 132 na ushei, zikadirie kwa tano iliyo karibu upate 130. Jedwali linajibu: daraja la 3! Upepo ni uleule jamani. Ikabidi watangaze 135, hesabu isiyo sahihi, hadi 2012 mipaka iliposogezwa ikawa 130 hadi 156.

Ukiwa umetawanya mipaka hiyo ndani ya IF za programu ishirini, kazi unayo. Ikiwa kwenye hifadhidata, unabadili mistari miwili tu, bora uhifadhi mpaka wa chini pekee: 4 huanza 130, 5 huanza 157. Halafu chagua mpaka mkubwa kuliko yote usiozidi kasi yako. Hata 156.5 itapata daraja lake.