Zizi la Mawe Njoro

Mlowezi Lord Delamere alipopewa ekari 100,000 za Njoro mwaka 1903, hakupewa hivi hivi. Mkataba wake wa miaka 99 ulimtaka alipe pauni 200 kila mwaka na atumie pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka mitano ya kwanza. Wamasai waliokuwa wakichunga katika Bonde la Ufa hawakuwekewa sharti la kuendeleza chochote. Mwaka uliofuata ulitiwa saini mkataba wa kuwahamishia Laikipia. Nilipokuwa nikifundisha darasa la saba, mtoto mmoja hakukosa kuuliza: kwani ng'ombe wa Mmasai hakuwa maendeleo?

Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilirefusha mikataba ya walowezi hadi miaka 999, na bado ikadai maendeleo. Ua ulihesabiwa, visima, mifereji, miti, majengo ya shamba. Farasi wa mashindano hamlishi mtu, hatoi maziwa wala halimi, lakini zizi lake la mawe ni jengo. Na Njoro ilijaa farasi. Captain Charles Clutterbuck alianzisha hapo kinu cha kusaga unga na mashine ya kupasulia mbao, lakini moyo wake ulikuwa kwenye farasi wa mbio. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alifilisika, akaondoka kwenda Peru. Binti yake, Beryl Markham, alibaki akawa mfunzi wa farasi huko huko juu, Molo na Nakuru, akisaidiwa na arap Ruta, aliyecheza naye utotoni. Dunia inamkumbuka Beryl kwa kuruka na ndege peke yake juu ya Atlantiki mwaka 1936. Wazee wa kwetu walimkumbuka kwa farasi.

Baba yangu alikuwa saisi katika zizi moja la mawe hapo Njoro. Hakupenda kusimulia habari za wazungu, ila ukimuuliza juu ya farasi alifunguka. Kazi yake ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: saa kumi na moja jioni farasi wote wawe ndani. Kuna maradhi ya farasi Afrika yanayoenezwa na visubi, nao huanza kuuma jua likielekea kuzama. Farasi akishikwa, mapafu hujaa maji, povu humtoka puani, na mara nyingi hafiki siku ya tatu. Kwa hiyo zizi hilo halikuwa pambo. Milango ilifungwa, mavi makavu yakachomwa mlangoni ili moshi uwafukuze visubi, na asubuhi hakuna kutoka mpaka umande ukauke. Baridi ya Molo nayo ilisaidia, na ndiyo maana farasi wengi walipelekwa kule juu.

Sasa weka hilo zizi kando ya nyumba ya guka, yaani babu yangu, hatua chache tu chini ya mteremko. Guka alikuja akiwa skwota. Kwa sheria ya 1918 skwota alipaswa kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka, naye aruhusiwe kulima na kuchunga. Wengi walikuja kwa sababu ya malisho hayo. Mifugo yao ikaongezeka, walowezi wakaingiwa na hofu, na katika miaka ya 1920 ng'ombe wa maskwota wakaanza kuondolewa mashambani kwa nguvu. Watu waliliita jambo hilo kifagio. Sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, ikawapa madiwani wa wilaya, walowezi wenyewe, uwezo wa kuamua skwota alime ekari ngapi na awe na mifugo mingapi. Siku za kazi zikapanda hadi kufikia 270. Guka alibaki na mbuzi. Baba akawa anabeba ndoo za shayiri kumpelekea farasi, huku nyumbani kwao maziwa yakinunuliwa kwa mwajiri wake.

Olenguruone, upande wa pili wa Molo, serikali iliwapa Wakikuyu waliofukuzwa kwingineko mahali pa kukaa mwaka 1941, kisha ikaja na orodha ya masharti: zao gani lipandwe, ng'ombe wachungwe wapi, mtoto yupi arithi. Wakakataa, wakala kiapo, wanawake na watoto pia, na mwishowe wakahamishwa. Nadhani vita vya Mau Mau vya 1952 haviwezi kuelezwa bila masharti hayo ya kilimo. Vita vikiendelea, Baba alipakiwa kwenye lori mwaka 1953, akaondolewa shambani. Farasi waliachiwa saisi mwingine.

Uhuru haukuyafuta masharti. Kanuni za matumizi ya ardhi za 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 ikaamuru kwamba shamba lisiuzwe wala lisikatwe bila idhini ya bodi. Lakini kampuni za kununua mashamba zilipoingia Bahati, Rongai na Njoro, watu walikuwa wengi kuliko ekari. Baba alinunua hisa, akapiga kura ya kugawana ploti, na mpaka wa ploti yake ukapita nje kidogo ya ukuta wa zizi lile lile.

Lina vyumba kumi, vitano kila upande. Sakafu ni ya mawe, imeinama kidogo kuelekea mfereji wa katikati, na mkojo hautuami hata siku ya mvua. Milango ni ya vipande viwili. Kipande cha chini kingo zake zimeliwa zikawa kama msumeno, kwa kuwa farasi aliyefungiwa muda mrefu hutafuna mbao kwa kukosa la kufanya. Pete za chuma bado zimo ukutani, juu mno kwa ng'ombe. Ninafugia humo Friesian wanne, na daktari wa mifugo amekiri kwamba hajaona zizi kavu kama hilo kwa mkulima mdogo. Ukitaka kujua kama jengo linafaa kwa kilimo, lala humo mwezi wa Aprili.

Mpwa wangu anataka upande wake wa zizi uwe vyumba vya kupangisha. Chuo Kikuu cha Egerton kiko karibu, chuo kilichoanza 1939 kama shule ya kilimo ya mlowezi mwingine, Lord Egerton, na Njokerio imeshajaa hosteli. Sheria ya mipango ya mwaka 2019 inamtaka aombe kaunti ruhusa ya kubadilisha matumizi, kutoka kilimo hadi makazi. "Tata," ananiambia, "ng'ombe hawalipi kodi kila mwisho wa mwezi." Hajakosea. Ila vyoo vya wapangaji ishirini vitamwaga wapi, kisima changu kikiwa chini yake? Nimemwambia tangazo likibandikwa nitaandika pingamizi.

Akacheka. Akasema masharti ya serikali ndiyo yaliyomfagilia guka ng'ombe wake, na leo mjukuu wake anayakimbilia. Nikamjibu kwamba guka hakupewa mahali pa kuandika pingamizi. Mimi ninapo. Yeye naye ameshamwita mpimaji.