Fahirisi ya Marehemu Kandokando ya Mto Rusizi

Mtafiti wa nasaba anayefuatilia jamaa walioenea pande zote mbili za mpaka wa Rusizi II, kati ya Cyangugu ya zamani nchini Rwanda na mji wa Bukavu nchini Kongo, hukabiliwa mapema na ugumu ambao wenzake wa Ulaya hawaujui sana, nao ni kukosekana kwa jina la ukoo. Kwa desturi ya Rwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, lisilo la baba wala la babu, hata ndugu wa tumbo moja wakaonekana daftarini kama watu baki. Fahirisi, yaani orodha inayopangwa ili jina lipatikane bila kupekua kitabu kizima, ikifuata alfabeti peke yake itampata mtu na kumpoteza nduguye.

Katika eneo hili, chimbuko la kumbukumbu za parokia ni misheni ya Mibirizi, iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1903, wakati Rwanda ilipokuwa chini ya Wajerumani. Tangu mwaka 1614 kitabu cha ibada cha Roma kiliagiza kila paroko awe na kitabu cha wafu, na kikaonyesha namna ya kukiandika: siku ya kufa, jina, umri, wazazi, mahali pa kuzaliwa, nyumba aliyofia, padri aliyemwungamisha, siku ya mpako wa mafuta matakatifu na mahali pa kuzikwa. Ingizo la namna hiyo, hata likiwa na mistari mitano tu ya Kilatini, humfunga marehemu na baba yake na kilima chake, yaani makazi yake, jambo ambalo jina pekee haliwezi kulifanya. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliongeza kwamba nakala ipelekwe kila mwaka kwa askofu, na ndiyo maana kitabu kilichopotea parokiani si lazima kiwe kimepotea kabisa. Tatizo kubwa zaidi ni tahajia, kwa kuwa mmisionari aliandika alivyosikia. Jina Cyangugu lenyewe huonekana katika karatasi za Wabelgiji, waliotawala baada ya Wajerumani, kama Shangugu, na mto huohuo huitwa Rusizi huku na Ruzizi kule.

Baada ya Radio Rwanda kuanzishwa mwaka 1961, habari za misiba zilipata njia nyingine. Tangazo la kifo la redio, kama lijulikanavyo kote Afrika Mashariki, humtaja marehemu kwa maneno machache, kisha huwataja kwa kirefu wale wanaopaswa kufikiwa na habari: watoto, wakwe, mashemeji, na miji waliko. Mwenye kutengeneza fahirisi akimwandika marehemu peke yake, ameacha nje sehemu iliyo na thamani kubwa kuliko zote.

Kielelezo cha karibu cha kazi nzito ya aina hii kiko Kibuye, mkoa wa zamani uliopakana na Cyangugu, ambako shirika la manusura Ibuka lilikusanya majina ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 na kuyachapisha mwaka 1999. Orodha hiyo ina majina 59,050, pamoja na umri, kazi, makazi na mahali pa kifo, na kwa kuwa taarifa hizo ziliwekwa katika safu zake, wataalamu wa takwimu waliweza baadaye kuchunguza namna mauaji yalivyoendeshwa.

Vilima navyo vimebadilishiwa mamlaka, kwani mageuzi ya 2006 yaliufuta mkoa wa Cyangugu, na eneo lake likagawanywa hasa kati ya wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Kwa hiyo mahali paandikwe kama palivyo katika hati, kisha jina la leo liwekwe kando. Kuhusu kabila lililoandikwa katika karatasi za enzi ya ukoloni, lisiingizwe katika fahirisi iliyo wazi kwa umma: halimsaidii mtu kumpata babu yake, na Rwanda inajua lilivyotumiwa. Mwenye kuanza kazi hii leo atangulize safu ya kilima na safu ya baba, alfabeti ifuate.