Dawa ya Malaria na Damu ya Mtoto Wako

  Hapa Maseno, kama kote kandokando ya Ziwa, malaria tunaijua. Leo tuangalie kwa nini dawa iliyomponya mtoto wa jirani yaweza kumdhuru wako.

Ndani ya kila chembe nyekundu ya damu mna kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kazi yake ni kama rangi juu ya bati: huzuia kutu. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hiki. Wakimeza dawa fulani, chembe zao hupasuka na damu hupungua ghafla. Wavulana huathirika zaidi, kwa kuwa hurithi hali hii kupitia kwa mama. Si laana, wala si kosa lako.

Jambo hili lilijulikanaje? Wanajeshi wa Marekani waliopewa primakwini walipungukiwa damu, hasa wenye asili ya Afrika. Mwaka 1956, watafiti wa Chicago waligundua kwamba G6PD ndiyo iliyopungua. Mwaka 1960, Anthony Allison, mwanasayansi aliyelelewa Kenya, alieleza upungufu huo miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki. Umeenea palipo na malaria nyingi, kwani humkinga mtu kwa kiasi fulani.

Sasa njoo karibu. Klorokwini iliposhindwa, Kenya iliweka SP mahali pake mwaka 1998. SP nayo ikadhoofika. Mwaka 2003 ikaidhinishwa dawa ya bei nafuu, Lapdap, iliyokuwa na dapsoni ndani yake. Kisha dapsoni ikajaribiwa pamoja na artesuneti kwa watoto wa Burkina Faso, Ghana, Kenya, Nigeria na Tanzania. Ikaonekana wenye upungufu wa G6PD wanapoteza damu nyingi. Mwaka 2008 Lapdap ikaondolewa sokoni.

Dawa ya AL, ambayo Kenya iliichagua mwaka 2004, haina shida hiyo. Hata mwenye upungufu wa G6PD anaweza kuimeza. Kwa hivyo usiogope kumpa mtoto AL aliyoandikiwa, na ummalizie dozi yote ya siku tatu hata akichangamka mapema.

Lakini usimpe tembe zilizobaki nyumbani, wala za kuazima kwa jirani. Mpeleke akapimwe kwanza. Kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kudhuriwa na dawa, mwambie daktari au muuguzi.

Baada ya dawa yoyote, ukiona mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya manjano, viganja vimepauka au mtoto anahema kwa shida, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Beba pakiti ya dawa.

Kinga ni bora kuliko tiba. Usiku wa leo, mlaze ndani ya neti. Kwaheri, mama.