Mbiu, Baraza na Simu ya Kiganjani: Tarehe ya Mazungumzo baina ya Dola na Raia

Katika miji ya mwambao wetu, tangu Lamu hata Kilwa, amri ya mtawala haikuhesabiwa kuwa imewafikia watu mpaka ipigiwe mbiu. Mpiga mbiu alishika pembe ya nyati kwa mkono mmoja na kijiti kwa mkono wa pili, akapita mtaa baada ya mtaa akiigonga, akasimama penye njia panda na karibu na misikiti, na watu walipokwisha kutoka majumbani kumsikiliza akayatamka aliyoagizwa: kwamba kesho kuna kazi ya mji, au kwamba ngoma fulani imekatazwa, au kwamba mkuu anawataka watu wote wahudhurie mahali fulani. Wahenga waliposema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo waliuweka wajibu wote juu ya msikilizaji, maana mpiga mbiu mwenyewe hakungoja jawabu. Akisha kutangaza aliendelea na njia yake, na mwenye neno la kurudisha ilimpasa alitafutie mlango mwingine.

Mlango huo ulikuwa baraza. Salme binti Said, katika kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi baba yake, Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Unguja hata alipofariki mwaka 1856, alivyokuwa akikaa barazani pamoja na wanawe wakubwa, mawaziri na makadhi, kahawa ikipitishwa, na wenye mashtaka na maombi wakija kumweleza haja zao kwa vinywa vyao wenyewe. Sitaki kuipamba dola ile kwa sifa isiyoistahili, kwani ilisimama juu ya mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na mtumwa hakuwa na kiti wala sauti katika baraza hilo. Lakini kwa wale walioruhusiwa kuingia palikuwa na jambo moja ambalo tarehe ya serikali zilizofuata imelipoteza mara nyingi, nalo ni kuwa aliyetoa hukumu na aliyeileta shida walionana uso kwa uso, na jawabu, liwe tamu au chungu, lilipatikana mahali palepale.

Wazungu walipokuja kutawala walivichukua vyombo hivi viwili wakavitia katika kazi yao. Kenya waliwaweka machifu na kuwaagiza waitishe mabaraza, ambayo aghalabu yalikuwa mbiu iliyovaa jina la baraza, kwa kuwa watu waliketi juani kusikiliza habari za kodi, za kazi ya barabara na za mifugo itakayopunguzwa, na aliyenyosha mkono kuuliza kwa ukali aliweza kuandikwa katika orodha ya wakorofi. Kisha likaja gazeti. Wamisionari wa Kiungani, Unguja, walikuwa wamekwisha kuanzisha Msimulizi mwaka 1888. Wajerumani wakafuata kwa gazeti la Kiongozi, lililochapishwa katika shule ya serikali ya Tanga. Na Waingereza walipokwisha kuishika Tanganyika, idara yao ya elimu ikatoa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanza Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923.

Mambo Leo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu serikali ililianzisha ili iseme, na raia wakaligeuza ili wazungumze. Pamoja na mafunzo ya kilimo, ya afya na matangazo ya wakubwa, gazeti lilifungua kurasa zake kwa habari za miji, kwa barua na kwa mashairi yaliyotumwa na wasomaji, na watu ambao hawajapata kuonana, mmoja karani wa forodha Tanga na mwingine mwalimu wa Tabora, wakaanza kujibizana juu ya lugha, adabu, ndoa na maendeleo. Shaaban Robert, ambaye alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo, ni miongoni mwa washairi waliolisha kurasa hizo. Ni kweli kwamba ufunguo wa nyumba ulibaki kwa mwenyewe: mhariri alikuwa wa serikali, na neno la kuupinga utawala halikutarajiwa kupata nafasi humo. Hata hivyo, asiyeruhusiwa kusema juu ya kodi alipata kusema juu ya heshima, na wasomaji wenye akili walijua kuwa mambo hayo mawili hayako mbali sana. Wakoloni walidhani wanawafundisha watu kusoma amri; kumbe walikuwa wanawazoesha kushindana kwa hoja hadharani.

Redio ilifika kwa raia walio wengi baada ya Vita vya Pili. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na baada ya uhuru, mwaka 1965, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam iliyo chini ya serikali moja kwa moja. Kwa tabia yake redio ni mbiu kubwa kuliko mbiu zote, kwa kuwa husema na watu milioni kwa pumzi moja wala haisikii hata mmoja. Na kwa sababu hiyo naliona lililofanyika Tanzania mwaka 1973 kuwa ni mojawapo ya mambo ya busara sana yaliyopata kufanywa na serikali yoyote katika kusema na raia wake. Kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya haikuridhika na kutangaza kuwa malaria, kuhara na kichocho vinaua. Kwanza viongozi wa vikundi, ambao jumla yao ilifika karibu 75,000, walifunzwa kazi yao. Kisha, kwa muda wa majuma 12, watu wapatao 2,000,000 wakakutana katika vikundi vijijini na mijini kuizunguka redio.

Tazama kikao kimoja kilivyokwenda. Kiongozi wa kikundi hufungua redio, na wanakikundi, ambao wengi wao hawakujua kusoma, husikiliza kipindi kifupi. Redio ikisha kufungwa, mwenye kujua kusoma huwasomea wenzake sehemu ya kijitabu cha juma hilo. Ndipo mazungumzo huanza: je, haya yaliyosemwa yapo kwetu? Yako wapi? Nani amepatwa? Na mwisho wa kikao huwa ni azimio la kazi, yaani kufyeka majani yaliyozunguka nyumba, kukausha madimbwi, kuchemsha maji ya kunywa, kuchimba choo. Vyoo vilichimbwa kwa wingi mno katika miezi ile, na vilichimbwa na watu waliokwisha kukubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba vinahitajika. Hekima ya mpango huu ilikuwa kukiunganisha chombo kisichosikia na mkusanyiko unaosikia, ili neno litokalo Dar es Salaam lisiishie sikioni bali lipimwe na watu wanaojuana, nao waliamulie la kufanya.

Inaniuma kwamba mwaka ule ule, redio ile ile, ilitumika kwa kazi nyingine iliyokuwa kinyume cha hiyo. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Hapakuwa na vikundi vya kuulizana kama udongo wa mahali papya unaotesha, wala kama maji yapo. Watu walihamishwa, na pengine nyumba zao za zamani zilibomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Serikali iliyofanya mambo haya mawili ilikuwa moja, na raia walikuwa wale wale. Mwenye kutaka kujua thamani ya kumsikiliza raia kabla ya kumwamuru, na alilinganishe shimo la choo lililochimbwa kwa mashauri na kijiji kilichosimamishwa kwa lori na askari, kisha aulize ni kipi kilichoacha kinyongo.

Nimeruka mengi, mathalan tume ya Jaji Francis Nyalali ya mwaka 1991, iliyozunguka nchi ikiuliza kama Tanzania ibaki na chama kimoja. Takriban watu wanane katika kila kumi walisema ibaki, na tume, ikiyapima maneno ya wale wachache kwa uzito wake wala si kwa idadi yake, ikashauri vyama vingi viruhusiwe. Tume hiyo inatosha kuonyesha kwamba kusikiliza ni kazi ya akili, na kwamba kuhesabu sauti peke yake hakutoshi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu zama za mitandao ya kijamii ni zama za kuhesabu.

Na sasa mitandao yenyewe. Mtu wa kwanza katika Afrika Mashariki aliyeuonyesha ulimwengu jinsi dola inavyoweza kuitumia kwa manufaa hakuwa waziri wala balozi, alikuwa chifu wa mtaa. Marehemu Francis Kariuki, aliyekuwa mwalimu kabla ya kupewa uchifu, alitawala Lanet Umoja, karibu na Nakuru, mahali penye watu wapatao 28,000, na kufikia mwanzo wa mwaka 2012 habari zake zilikuwa zimeenea duniani. Wezi walipoivamia nyumba ya mwalimu mmoja saa kumi za alfajiri, chifu alipigiwa simu, naye akaandika ujumbe katika Twitter. Katika dakika chache majirani walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba ile na wezi wamekimbia. Kondoo mwenye rangi ya kahawia na nyeupe alipopotea, kamba ya nailoni ikiwa shingoni, chifu aliandika sifa zake na jina la mwenyewe, na haukupita muda mrefu kondoo akaonekana.

Wako wakubwa watakaoona kuwa habari ya kondoo ni ndogo mno kuandikwa na afisa wa serikali. Mimi naiona kuwa ndiyo kiini cha jambo lote. Waliojiandikisha waziwazi kumfuata chifu walikuwa mia chache, lakini ujumbe wake uliweza kupokelewa kwa simu ya kawaida, isiyo na intaneti, kwa njia ya ujumbe mfupi, na aliyeupata alimwambia asiyekuwa na simu. Kwa hivyo neno lilikwenda mtaani kama lilivyokwenda zamani, kutoka mdomo hata sikio. Nao watu walimwamini kwa sababu walimfahamu, na kwa sababu walipompigia saa kumi za alfajiri aliipokea simu. Mtandao haukumzalia imani hiyo, ulimkuta nayo. Afisa asiyepokea simu ya raia wake, akifunguliwa kurasa katika mitandao yote iliyopo, atakuwa ameongeza idadi ya milango iliyofungwa.

Waliokuja baada yake, na walio juu yake kwa vyeo, hawakufuata nyayo zake sana. Wizara na ikulu zetu zilifungua kurasa, zikazijaza picha za viongozi wakikata utepe na salamu za sikukuu, ilhali maswali ya raia yaliyoandikwa chini ya picha hizo yalikaa bila kujibiwa. Mwezi wa Machi 2019 kurasa za Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya, zilizokuwa na wafuasi mamilioni, zilifungwa ghafula, na maelezo ya Ikulu yakawa kwamba zimeingiliwa na wasiohusika. Tanzania, kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wenye kuchapisha maudhui mitandaoni wapate leseni, na ada zake kwa mwaka wa kwanza zilizidi shilingi 2,000,000, fedha ambayo kijana wa Kigoma au Mtwara mwenye kutaka kuandika juu ya barabara ya kwao hana pa kuitoa. Na uchaguzi wa Oktoba 2020 ulipofika, Twitter na mitandao mingine ikazuiwa. Wakoloni walimpa msomaji wa Mambo Leo ukurasa na kumnyima maudhui fulani. Kumnyima raia ukurasa wenyewe ni kurudi nyuma ya mwaka 1923, na nasema hivyo kwa huzuni, kwa kuwa ni nchi iliyowahi kubuni vikundi vya Mtu ni Afya.

Raia nao hawakungoja. Mwezi wa Juni 2024, mswada wa fedha ulipokuwa mbele ya Bunge la Kenya, vijana waliuchambua kifungu baada ya kifungu katika TikTok na X, wakaufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha za makabila yao ili wazazi wao waelewe kodi ya mkate na ya mafuta ya kupikia inakuja vipi. Kazi hiyo ya kufafanua ilikuwa haki kufanywa na serikali, na kama ingefanywa mapema, kwa vikao na kwa kusikiliza, huenda damu isingemwagika. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kuwa hatautia sahihi mswada ule. Tarehe 5 Julai akaenda mwenyewe kuzungumza na vijana katika X, kwa sauti, saa kadhaa, watu zaidi ya 100,000 wakisikiliza. Waliuliza juu ya waliouawa, juu ya vijana wanaotekwa usiku, juu ya ubadhirifu wa fedha za umma, na waliuliza bila kubembeleza, jambo ambalo hata baraza la Sayyid Said halikupata kuliona.

Naliheshimu tendo lile, kwani rais aliyekaa kuulizwa na watu ambao hawakuchaguliwa na watumishi wake amefanya jambo zito. Tarehe 11 Julai alilivunja baraza lake la mawaziri, akamwacha mmoja tu, na vijana wengi wakadhani kuwa jawabu limekuja. Kabla ya mwezi kwisha baadhi ya mawaziri walewale walikuwa wameteuliwa tena, na habari za vijana kutekwa hazikukoma mwaka ule.